Acheni Kuamsha Simu Zetu Bure

Leo sina vichekesho. Leo nina ugomvi, na ugomvi wangu ni na watu wanaotengeneza apu za simu wakiwa wamekaa hatua mbili kutoka kwa soketi ya umeme.

Apu nyingi mnazopakua zimeandikwa na watu wasiojua kulala. Simaanishi wao wenyewe, hao wanalala poa sana. Namaanisha programu zao. Programu inaamka kila sekunde chache, inauliza seva, "Kuna kitu?" Inaambiwa hakuna. Inajilaza kidogo, inaamka tena, "Kuna kitu?" Usiku kucha. Asubuhi unashika simu iko asilimia 14 na hukuigusa. Halafu unaambiwa betri yako imezeeka. Betri haijazeeka, walaal. Imekeshwa.

Kwa mtu wa Nairobi hiyo ni kero tu, atachomeka. Kwetu ni hesabu nyingine. Ndiyo, nje kidogo ya mji wa Garissa tuna mtambo wa sola wa megawati 50 uliozinduliwa Desemba 2019, na tunajivunia. Lakini ule umeme unaingia kwenye gridi ya taifa, na gridi haijafika kila bula na kila kijiji. Enda mbali na lami kidogo tu. Kuna mama anatembea hadi dukani kwa mwenye paneli, analipa shilingi 10 au 20 simu ichajiwe, anaketi kungoja. Hiyo chaji anataka imfikishe siku mbili, tatu. Sasa mwambie kwamba nusu yake ililiwa na apu ya mikopo iliyokuwa inauliza seva kama kuna tangazo jipya.

Na wakati mwingine si pesa tu. Novemba 2023 mafuriko yalikata barabara ya Garissa kwenda Nairobi. Aprili 2024 ikakatika tena, na mashua iliyobeba watu ikapinduka huku kwetu kwenye maji ya Tana, watu wakafa. Mto Tana ukifura haupigi hodi. Mabwawa ya huko juu, kuanzia Masinga hadi Kiambere, yakijaa na kumwaga, maji yanachukua muda kutufikia. Muda huo ndio nafasi ya mtu kuhamisha watoto na mbuzi. Na siku hizi habari inakuja kwa simu. Simu iliyozimika saa nane usiku kwa sababu apu ilikuwa inakesha bure haiwezi kumwamsha mtu yeyote.

Kwa hivyo msiniambie hii ni story ya manerdi. Hii ni story ya nani analala, nani anaamshwa, na kwa wakati gani.

Hebu tuelewane kwanza inavyofanya kazi.

Ndani ya simu yako ya Android kuna kerneli ya Linux, ile Linus Torvalds alianza kuandika mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Kerneli ndiyo mwenye nyumba, apu zote ni wapangaji. Kila apu ina nyuzi, na uzi ni mfuatano mmoja wa kazi: huu unachora skrini, ule unangoja ujumbe, mwingine unasoma picha. Nyuzi ni nyingi sana, prosesa ni chache. Kwa hivyo ndani ya kerneli kuna mpanga zamu, anaamua nani apande prosesa sasa na nani ashuke.

Sasa uzi ukitaka kitu ambacho hakijafika, una njia mbili. Ya kwanza ni kusimama mlangoni na kuuliza bila kupumua: imefika? imefika? imefika? Kila swali linakula prosesa, na prosesa inakula betri. Ya pili ni kulala. Uzi unaandika jina lake kwenye foleni ya kusubiri, unatoka kwenye orodha ya wanaogombea prosesa, unanyamaza. Kuanzia hapo haupewi zamu hata moja. Kile kitu kikifika, aliyekileta anaangalia foleni, anaona jina, anaurudisha uzi kwa mpanga zamu. Basi.

Na nyuzi zote zikilala? Kerneli inaipa prosesa amri ya kupumzika. Kwenye prosesa za ARM, ambazo ndizo ziko kwenye simu karibu zote hapa sokoni, amri hiyo inaitwa WFI, maana yake ngoja mkatizo. Prosesa inatulia hadi maunzi yapige kengele: umegusa skrini, saa uliyoweka imefika, modemu imepokea ujumbe. Kengele moja, na kila kitu kinaamka kufumba na kufumbua. Simu nzuri ndiyo hiyo. Inalala fofofo na inaamka ikihitajika.

Na hii si siri mpya ya Silicon Valley. Edsger Dijkstra, Mholanzi, alieleza semafo miaka ya 1960, na wazo ni lilo hilo: kama njia imefungwa, lala, anayefungua atakuamsha. Unix ya miaka ya 1970 ilikuwa na kazi mbili ndani ya kerneli zinaitwa sleep na wakeup. Miaka hamsini na kitu, jameni. Babu zenu waliweza. Nyinyi mnashindwa na nini?

Mnajua hata kerneli yenyewe iliwahi kuwa na tabia hii? Zamani Linux ilikuwa inajiamsha mara 100, au 250, au 1000 kila sekunde, hata kama hakuna kazi yoyote, kuangalia saa tu. Mwaka 2007, mwaka ule ule M-Pesa ilianza, toleo la 2.6.21 likaleta mtindo wa kutopiga kengele kama hakuna anayeingoja. Mwaka huo huo Intel ikatoa zana inaitwa PowerTOP, inayoonyesha ni programu gani inaamsha prosesa na mara ngapi kwa sekunde. Aibu ilikuwa kubwa. Programu zilizodhaniwa zimetulia zilikuwa zinaruka kama panzi, na wenyewe wakaanza kuzirekebisha. Kerneli ilijirekebisha. Programu za mezani zikajirekebisha. Apu zenu zinangoja nani?

Najua mtanijibu nini, maana nimeshajibiwa. "Simu za siku hizi ziko na betri ya 5000, acha kulialia." Sawa. Ndoo ikiwa kubwa na imetoboka, dawa ni kununua ndoo kubwa zaidi? Na hiyo 5000 ni ya simu mpya. Simu nyingi huku ni za mkono wa pili au wa tatu, za kakake mtu aliyenunua nyingine. Betri ilishafanya kazi miaka minne kwenye joto la Garissa, na joto ni adui wa betri. Wewe unapima apu yako kwenye simu ya mwezi jana, chaja iko ndani. Hujapima chochote.

Wengine watasema, "Lakini kuna wakati kuzunguka ni haraka kuliko kulala." Hapo nakubali, na nakubali bila kinyongo. Kulala na kuamka kuna gharama yake: mpanga zamu lazima ahifadhi hali ya uzi mmoja na kupandisha mwingine. Kama unangoja kitu cha muda mfupi kabisa, mfupi kuliko hiyo gharama yenyewe, zunguka tu. Kerneli ina kufuli za namna hiyo, na hata kufuli zake za kulalia mara nyingine huzunguka kidogo kwanza zikiona mwenye kufuli bado yuko kwenye prosesa na atatoka sasa hivi. Lakini hapo tunaongea muda mdogo kuliko kope kufunga na kufunguka. Wewe unangoja seva iliyo bara lingine ikuambie kuna ofa ya wikendi. Usijifiche nyuma ya hoja ya watu wa kerneli. Hamfanani.

Upande wa pili wa ugomvi wangu ni huu: kuna wale wanaolaza na hawaamshi. Hawa ni wabaya zaidi.

Sisi watu wa Kaskazini Mashariki tunajua kungoja, hatuhitaji mwalimu. Kabla ya Rais Ruto kutia saini lile tangazo Wajir, Februari 2025, kijana wa kwetu aliyetaka kitambulisho alikuwa anapigwa msasa kwanza wakati wenzake wa kaunti zingine wanajaza fomu tu. Kwa hivyo nitawaeleza kwa foleni ya kitambulisho, kila mtu ataelewa.

Umefika ofisini. Unachungulia dirishani, kitambulisho chako hakipo. Unageuka uende kuandika jina kwenye daftari la wanaongoja, ili kikifika uitwe. Katika zile hatua tano kati ya dirisha na daftari, kitambulisho kinafika. Karani anafungua daftari, haoni jina lako, anakiweka kabatini. Wewe sasa unaandika jina, unaketi, unalala. Nani atakuamsha? Hakuna. Mwito ulishapita. Utangoja hadi Kiyama huku kitambulisho kiko kabatini mita tatu kutoka kwako.

Watu wa kerneli wanaita hiyo mwamko uliopotea, na ndiyo jinamizi lao kubwa. Dawa yake ni mpangilio. Andika jina kwanza. Jitangaze kwamba unaenda kulala. Halafu chungulia dirishani mara ya mwisho. Kama kipo, futa jina, chukua, enda zako. Kama hakipo, lala, na hakikisha anayeita akiita wakati wowote baada ya jina kuandikwa atakukuta. Na ukiamshwa usikimbie na furaha, chungulia tena, huenda mwingine amekutangulia. Linux inafanya hivyo hivyo kila mahali inapolaza uzi. Ukibadilisha mpangilio hatua moja, umeua mtu.

Si maneno matupu. Mapema 2014 yaliingia mabadiliko kwenye toleo la 3.14, kwenye sehemu inayoitwa futeksi, ambayo ndiyo nyuzi za programu nyingi hutumia kulalia na kuamshana. Nia ilikuwa nzuri: kama hakuna anayelala, usipoteze muda kumwamsha. Lakini njia moja ilikosa kizuizi cha kumbukumbu, yaani ile amri inayoilazimisha prosesa isipange upya mambo mawili ambayo lazima yafuatane. Kwenye mashine fulani, hasa prosesa za Intel za kizazi cha Haswell, aliyekuja kuamsha alikuta foleni kama haina mtu, akaenda zake. Uzi ukabaki umelala na kazi yake iko tayari. Programu zikaganda bila kosa lolote kuonekana. Marekebisho yaliingia Oktoba 2014, lakini Mei 2015 mhandisi Gil Tene alilazimika kupiga kelele hadharani, kwa sababu seva nyingi zilikuwa bado zinaendesha kerneli yenye kosa hilo na wenyewe wanalaumu programu zao. Kosa la mstari mmoja. Watu wenye akili zao. Ndiyo maana nasema kulaza na kuamsha si mchezo wa kuachia mtu yeyote.

Sasa angalia simu zinazouzwa hapa Suuq Mugdi. Google walileta usingizi mzito kwenye Android 6.0 mwaka 2015: simu ikikaa bila kuguswa, apu zinapunguziwa nafasi ya kuamka, lakini ujumbe wa haraka unapita. Wazo zuri, mimi nalipenda. Halafu watengenezaji kadhaa wa simu wakaongeza yao juu. Wao hawalazi apu, wanaiua kabisa, ili kwenye tangazo waandike betri inakaa siku mbili. Apu iliyouawa haimo kwenye foleni yoyote. Ujumbe ukija, hakuna jina la kuita. Boda anakosa mteja. Dada anayeuza mitumba anaona oda ya asubuhi saa kumi jioni. Na apu ya hadhari ya mafuriko inauawa sawa na ile ya kamari, haibagui.

Na nyinyi kontenti kriyeta wenzangu, leo hampiti. Nyinyi mnaopokea pesa kutangaza apu za "kusafisha" na "kuongeza kasi", ile roketi inapaa halafu inaandika imeachilia nafasi ya kumbukumbu, mnawaibia mashabiki wenu. Uzi uliolala haupigi hesabu yoyote kwenye prosesa. Uko pale kimya, tayari kuamka haraka. Ukiua apu nzima, mara nyingi inaanza tena kutoka mwanzo, na kuanza mwanzo ni kazi kubwa kuliko kuamka. Kwa hivyo hiyo roketi inakula betri ikijifanya inaiokoa, na yenyewe inabaki macho nyuma ikikuonyesha matangazo. Mnauza maji ya mto kama dawa.

Mtauliza, wewe uliyeacha chuo mwaka wa pili unajuaje haya? Karo iligoma, sitaki huruma. Lakini nitawaambia kitu kuhusu darasa. Pale somo hili lilikuwa duara tatu ubaoni: tayari, inakimbia, imelala. Mishale kati yao. Nakili, kariri, tapika kwa mtihani. Hakuna hata siku moja tuliambiwa kwamba ule mshale wa kutoka "imelala" kwenda "tayari" ndio chaji ya hooyo kule kijijini. Kama tungeambiwa, nusu ya darasa isingekuwa inasinzia. Nilichojua nilikijua baadaye, kwa xv6, kerneli ndogo ya kufundishia ambayo MIT wameiweka wazi, haina malipo. Kazi yake ya kulaza inadai upeleke kufuli inayolinda sharti, ili mwamko usipotee. Inasomeka kwa simu, nimeisoma kwa simu. Msiambiwe kerneli ni ya watu wa ulaya na sisi yetu ni kujifunza kuandika maagizo kwa AI. AI itakuandikia ule ule mzunguko wa kuuliza kila sekunde, kama hujui kumkatalia.

Basi madai yangu ni haya, na si magumu.

Watengenezaji wa apu wa Nairobi, na wachache mlioko hapa Garissa: acheni kuuliza, ngojeni kuitwa. Simu tayari ina njia moja ya pamoja ya kupokea jumbe za kusukumwa kutoka kwa seva. Itumieni, badala ya kila apu kufungua mlango wake. Kazi isiyo ya haraka ipelekeni kwa mratibu wa kazi aliyemo ndani ya Android tangu 2014, aifanye pamoja na za wengine, simu iamke mara moja badala ya mara thelathini. Mkishika kufuli ya kuizuia simu isilale, iachieni mara tu mkimaliza. Na kabla ya kutoa toleo jipya, chukueni simu ya bei ya chini iliyotumika, muichaji, muitoe chaja, muiache saa 24 kwenye joto la huku. Ikizimika, msitoe.

Watengenezaji wa simu: lazeni, msiue. Na mtu akisema apu hii isiguswe, msiiguse. Mpangilio huo usifichwe chini ya kurasa sita za menyu.

Na wewe unayesoma: fungua mipangilio, ingia kwenye betri, angalia ni nani anakula usiku ukiwa umelala. Apu ya kusafisha, futa leo. Apu ya ujumbe unaotegemea kwa biashara au kwa hadhari, itoe kwenye orodha ya kuuawa. Dakika tano tu.

Mwisho, kwa wale wanaopenda kutuambia anayelala ni mjinga, kesha upambane, pesa hailali. Kompyuta zote za dunia zinawapinga. Ndani ya kerneli anayekesha bila kazi ni kosa la kurekebishwa, na anayelala akiwa ameandika jina mahali sahihi ndiye anayefika mbali na chaji ile ile. Tatizo letu huku Kaskazini Mashariki halijawahi kuwa usingizi. Tumeandika majina kwenye foleni miaka mingi. Swali ni kama aliye dirishani anasoma daftari.

Niandikieni apu tatu zinazoongoza kula betri yako usiku, na picha ya skrini. Nikikusanya za kutosha nitaziweka hadharani zote, kwa majina yake, na wenyewe waje wajibu.